Ceska, Jericho na hataza ya siri: bastola za polisi na jeshi zilitoka wapi?

Kama wewe ni msikilizaji wa taarifa za habari hapa Kenya, bila shaka umewahi kusikia sentensi kama hii: polisi wamepata bastola aina ya Ceska iliyokuwa na risasi kadhaa. Siku nyingine si Ceska, ni Jericho. Nilipokuwa mdogo nilidhani Jericho inayotajwa ni ule mtaa wa Eastlands, nikawa najiuliza watu wa Jericho walifungua kiwanda lini. Ceska nayo nilidhani ni jina la mtu, labda fundi fulani Mzungu aitwaye Bwana Ceska.

Hakuna Bwana Ceska. Neno lenyewe hutamkwa "Cheska" na maana yake ni "ya Kicheki", basi. Linatokana na Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, kilichoko katika mji wa Uherský Brod. Kwa hiyo mtangazaji akisema "bastola aina ya Ceska" ni kama kusema "bastola ya kule kwao".

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, si silaha, na sijawahi kumiliki bunduki wala sina nia hiyo. Lakini siku moja nilianza kusoma historia ya hizi Ceska nikajikuta nasoma jambo ninalolijua vizuri sana: mabishano ya hataza. Kwa asiyelijua neno hili, hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa miaka fulani pasiwe na mtu mwingine wa kutengeneza uvumbuzi wake bila ruhusa, naye kwa upande wake aeleze wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Hapa Kenya miaka hiyo ni 20 na ofisi inayohusika ni KIPI. Wengi wetu tunaopenda programu huria tulishangilia Bunge la Ulaya lilipokataa sheria ya hataza za programu mwezi wa Julai 2005, kura 648 dhidi ya 14. Kumbe waunda bastola walikuwa wakipigana vita hivyo hivyo tangu enzi za baruti nyeusi!

Tuanze na Samuel Colt. Kabla yake bastola ya kawaida ilipiga risasi moja, kisha askari akabaki na kipande cha chuma cha kumpiga nacho adui kichwani. Colt alipata hataza Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836 kwa bastola yenye silinda inayozunguka kila ukivuta nyundo nyuma, risasi tano au sita bila kujaza upya. Ndiyo rivolva. Kampuni yake ya kwanza kule Paterson, New Jersey, ilifilisika mwaka 1842. Kilichomwokoa ni vita vya Marekani na Mexico: mwaka 1847 Kapteni Samuel Walker alimletea maoni ya mtumiaji halisi na oda ya jeshi ya bastola 1,000. Bastola hiyo ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi, kama pakiti moja ya unga wa ugali. Ilibebwa kwenye tandiko la farasi maana kiuno cha binadamu kisingeweza.

Colt hakulala juu ya hataza yake. Mwaka 1851 aliishtaki kampuni ya Massachusetts Arms na akashinda, na hadi hataza ilipokwisha mwaka 1857 Marekani ilikuwa na rivolva za Colt na wengine wakisubiri nje ya mlango. Mwaka huo huo wa 1851 alipeleka bidhaa zake kwenye Maonyesho Makuu ya London, akawaonyesha Waingereza vipuri vilivyotengenezwa kwa mashine vikiwa karibu sawa kabisa. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Ukienda Grogan kutafuta kipuri cha Toyota unatarajia kitaingia. Wakati ule fundi alikaa na tupa akilingisha kila kipande kwa mkono.

Sasa ngoja nikuonyeshe hataza ilivyoweza kuwa balaa. Mwaka 1855 Mmarekani aitwaye Rollin White alipata hataza ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Ni tundu tu! Lakini bila tundu hilo huwezi kuingiza risasi ya kisasa yenye ganda lake kutokea nyuma. Unabaki kumwaga baruti na kushindilia risasi kwa mbele. Smith na Wesson walimwona White mapema, wakakubaliana kumlipa senti 25 kwa kila bastola, na mwaka 1857 wakaanza kuuza. Katika mkataba waliweka kipengele kimoja cha ujanja: White mwenyewe ndiye atakayegharamia kesi dhidi ya waigaji. Ninyi mnaosaini mikataba bila kusoma ukurasa wa mwisho, hapo ndipo pa kutazama. Waigaji walikuwa wengi, White akawa mtu wa mahakamani mwaka baada ya mwaka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaja, 1861 hadi 1865. Smith na Wesson walishikilia tundu lakini bastola zao wakati huo zilikuwa ndogo, za risasi hafifu. Colt walikuwa na bastola kubwa za jeshi lakini hawakuruhusiwa tundu. Matokeo yake ni kwamba askari wengi waliingia vitani na rivolva za kushindilia baruti, hali teknolojia ya kuwaondolea taabu hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana. Hataza ilikufa mwaka 1869. White aliomba iongezewe muda, Bunge likapitisha, na mwezi wa Januari 1870 Rais Ulysses Grant akakataa kutia saini. Grant alikuwa jenerali mkuu katika vita vile vile, na sababu aliyotoa ilihusu usumbufu ambao jeshi lilikuwa limepata. Miaka mitatu baadaye jeshi la Marekani lilikuwa na Colt ya 1873, ile unayoiona katika kila filamu ya ng'ombe na farasi.

Waingereza walikuwa na Webley yao iliyoingia jeshini mwaka 1887, bastola inayofunguka katikati kama kitabu na kutema maganda yote kwa mpigo mmoja. Hii ndiyo iliyoning'inia viunoni mwa maafisa wa Kiingereza walioongoza askari wa KAR. Serikali yao nayo haikuwa na aibu: ilipotaka rivolva ndogo zaidi, kampuni ya Webley ilisaidia kuisanifu, kisha mwaka 1932 serikali ikaanza kutumia bastola inayofanana nayo iliyotengenezwa katika kiwanda chake cha Enfield. Webley walidai pauni 2,250. Dai likakataliwa, ila tume ya tuzo za wavumbuzi ikawapa pauni 1,250 kama pole. Miaka ishirini baadaye, wapiganaji wa Mau Mau msituni walikuwa wakiunda bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya kuvuta. Hao hawakungoja hataza ya mtu, na mara nyingine bunduki hizo zilimuumiza aliyezishika kuliko aliyelengwa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na mashine yenye vipande vinavyoteleza haiwezi kuishi ndani ya masizi. Baruti safi ilipokuja, wavumbuzi waliona kwamba ile nguvu inayorudisha bastola nyuma inaweza kutumiwa kutema ganda na kuingiza risasi nyingine, bila mtu kuvuta nyundo. Hugo Borchardt alitoa bastola ya namna hiyo Ujerumani mwaka 1893, kubwa na isiyoshikika vizuri. Georg Luger akaisafisha. Jeshi la Uswisi likaichukua mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908.

Luger mwenyewe leo ni kitu cha makumbusho, lakini risasi yake haijafa. Mwaka 1902 hivi alitoa risasi yenye upana wa milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19, ikaitwa Parabellum, maneno ya Kilatini ya kumwambia mtu ajitayarishe kwa vita. Nchi za NATO zinaitumia. Polisi wengi duniani wanaitumia. Ceska hutumia hiyo, Jericho pia. Mimi huiona kama itifaki za intaneti: vifaa hubadilika kila baada ya miaka michache, kiwango cha chini kabisa hubaki pale pale kwa sababu kila mtu tayari amekijengea juu yake. Ni risasi ya zaidi ya miaka mia moja na hakuna anayethubutu kuigusa.

Halafu kuna John Browning wa Ogden, Utah. Huyu alikuwa na hataza 128 kwa jina lake. Bastola yake ya Colt ilipita jaribio la risasi 6,000 bila kukwama, na tarehe 29 Machi 1911 jeshi la Marekani likaichukua; ilikaa kama bastola yake kuu hadi 1985. Ni mifumo mingapi ya tarakilishi iliyodumu miaka 74? Lakini kinachonichekesha ni yaliyomkuta baadaye. Browning alikuwa amewauzia Colt haki za Marekani, na kiwanda cha FN cha Ubelgiji haki za Ulaya. Wafaransa walipotaka bastola ya jeshi yenye risasi nyingi, FN walimwomba asanifu mpya. Akalazimika kukwepa hataza za nani? Zake mwenyewe! Zilikuwa mikononi mwa Colt, kwa hiyo fundi aliyebuni njia bora ya kufunga mtutu ikabidi atafute njia ya pili. Alifariki mwaka 1926 akiwa kazini, ndani ya kiwanda kule Liège. Mwaka 1928 hataza za Colt zikaisha, na msaidizi wake Dieudonné Saive akarudisha yale mawazo mazuri mahali pake, akaongeza magazini yake ambamo risasi hupangwa mistari miwili, zikaingia 13. Bastola hiyo ilitoka mwaka 1935. Katika Vita vya Pili ilitengenezwa na pande zote mbili, Wajerumani wakitumia kiwanda walichokiteka Ubelgiji na Wakanada wakiitengeneza Toronto.

Wafaransa walioiagiza hawakuichukua. Walichukua ya Charles Petter, ambayo kitelezi chake, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, kilipita ndani ya fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Uswisi wakanunua haki ya wazo hilo mwaka 1937 na kutoka kwalo ikatoka bastola yao ya jeshi ya mwaka 1949. Wakati huo Ujerumani, Walther alikuwa ametoa bastola ya polisi mwaka 1929, jina lake likiwa ni hilo hilo, PP, bastola ya polisi. Polisi si mwanajeshi. Hukaa na bastola kiunoni miaka na miaka bila kuitoa, na anapoitoa ni ghafla. Walther alimpa bastola ambayo nyundo yake hulala salama juu ya risasi iliyo tayari, na mvuto wa kwanza wa kifyatulio, mrefu na mzito, ndio unaoinua nyundo na kuiachia.

Sasa ndiyo tunafika kwa Ceska. Mwaka 1969 kiwanda cha Uherský Brod kilimwita František Koucký, ambaye alikuwa amestaafu karibuni, na kumpa kazi ya kusanifu bastola mpya akiwa na uhuru kamili. Yeye na ndugu yake Josef walikuwa wabunifu wa silaha wa siku nyingi. Koucký alifanya kile ambacho mwandishi mzuri wa programu hufanya: hakuanza kwa kuandika kila kitu upya. Alichukua kufunga mtutu kwa Browning, magazini ya mistari miwili kama ya Saive, kitelezi cha ndani cha Petter na kifyatulio cha namna ya Walther, akaviunganisha kwenye mpini ambao hata wapinzani wake husema unakaa mkononi vizuri. Risasi 15. Ikatoka mwaka 1975, CZ 75.

Jambo la ajabu ni kwamba Czechoslovakia ilikuwa nchi ya kikomunisti na jeshi lake lilitumia risasi za Kisovieti. Bastola hii ya risasi ya NATO ilikusudiwa kuuzwa nje tu, na raia wa huko hawakuweza kuinunua hadi mwaka 1985. Hata hivyo, serikali iliona hataza za Koucký ni mali ya usalama wa taifa, ikazifanya hataza za siri. Fikiria maana yake. Ndani ya nchi hakuna mtu aliyeweza kusajili wazo lile, lakini pia hakuna aliyeruhusiwa kujua kwamba lipo. Na kwa kuwa ni siri, Koucký na kiwanda chake walikatazwa kuomba hataza nchi za nje. Bidhaa iko dukani Ujerumani Magharibi, mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua na kuipima, lakini karatasi ya kuilinda imefungiwa kabatini Prague. Nimewahi kuona ofisi ikificha neno la siri la mfumo kiasi kwamba wenyewe walishindwa kuingia, lakini hii imezidi.

Dunia haikuhitaji kualikwa mara mbili. Tanfoglio wa Italia wakatoa yao. Uswisi wakatoa yao. Uturuki, China, hata Korea Kaskazini. Marekani, ambako bidhaa za kikomunisti zilipata shida kuingia, kampuni moja ndogo ilitoa mwaka 1983 bastola iitwayo Bren Ten iliyofuata mfano wa CZ 75 kwa risasi kubwa zaidi. Waliwauzia watu bastola nyingi bila magazini, maana magazini kutoka Italia hazikufika. Ni kama kuuziwa tarakilishi bila waya wa umeme! Walitengeneza takriban 1,500 na mwaka 1986 wakafilisika.

Na Israeli? Mwaka 1990 kiwanda cha silaha cha Israeli kilitoa Jericho 941, na zile za kwanza ziliundwa kwa vipande vilivyotoka kwa Tanfoglio. Kwa hiyo zile bastola mbili za taarifa ya habari ni ndugu. Jericho ni tawi la tawi la Ceska. Uzifungue zote mbili uziweke mezani, utamwona mzee Koucký katika zote. Baada ya mapinduzi ya 1989 ndipo majeshi na polisi wa nchi yake wenyewe walipoanza kuichukua.

Mwaustria Gaston Glock aliangalia mambo hayo yote na akachagua njia nyingine. Kampuni yake ilitengeneza fimbo za mapazia na visu vya jeshi. Bastola hakuwahi kuunda. Jeshi la Austria lilipotangaza zabuni, aliwaita wataalamu akawauliza wanataka nini, akaunda bastola yenye fremu ya plastiki ngumu, vipande 34 tu, risasi 17, chini ya gramu 700 bila risasi. Mwenyewe alisimulia kwamba za majaribio alizipiga kwa mkono wa kushoto, ili zikilipuka abaki na wa kulia wa kuchorea. Jeshi likamchagua mwaka 1982. Jina Glock 17 watu wengi hudhani ni kwa ajili ya risasi 17. Hapana, ilikuwa hataza yake ya 17. Smith na Wesson, wale wale wa tundu la White, walipotoa bastola iliyofanana mno na yake mwaka 1994 aliwashtaki, na mwaka 1997 walilipa na kukubali kuibadilisha.

Lakini Glock iliondoa pia kizuizi cha usalama cha pembeni. Usalama wake uko ndani ya kifyatulio chenyewe: usipokigusa haifyatuki, ukikigusa inafyatuka, na mvuto wake ni mwepesi kuliko wa rivolva. Kwa askari aliyefunzwa huo ni usahili mzuri. Kwa polisi aliyezoea rivolva miaka ishirini na aliye na hofu gizani, kidole chake kimekuwa sehemu ya mfumo, na hicho hakuna hataza inayokieleza. Polisi wa New York walipoanza kuacha rivolva mwaka 1993 walidai kifyatulio kizito zaidi ya kile cha kawaida, na watu wamebishana tangu hapo kama hilo linazuia ajali au linafanya risasi ziende pembeni na kumpata mpita njia. Sisi tunaoandika programu tukikosea kitufe, mtu anapoteza barua pepe. Hapa anapotea mtu.

Ndiyo maana sipendi sana mazungumzo ya bastola yanayoishia kwenye gramu na idadi ya risasi. Hapa kwetu, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 lilieleza kwamba afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, kwamba bastola ni ya kuokoa uhai pale njia nyingine zimeshindwa, na kwamba akiua au kujeruhi vibaya IPOA iarifiwe. Na mwezi wa Aprili 2004 nchi za eneo hili zilitia saini hapa hapa Nairobi itifaki inayotaka kila bunduki iwe na alama yake ya pekee na iwekwe kwenye kumbukumbu. Kwa mtu wa hifadhidata hilo ni jambo la siku ya kwanza darasani: kila rekodi na nambari yake, isirudiwe. Mtangazaji akisema "Ceska iliyopatikana na mshukiwa", swali langu sasa huwa ni nambari yake inasema ilitoka ghala gani na nani aliitia saini mara ya mwisho.

Nimalizie na habari ya Colt, maana niliiacha njiani. Kampuni hiyo iliyowafungia wengine mlango kwa hataza ilifilisika tena mwaka 2015, ikainuka, na mwezi wa Mei 2021 ikanunuliwa. Mnunuzi alilipa dola milioni 220 pesa taslimu pamoja na hisa. Mnunuzi mwenyewe alikuwa Česká zbrojovka. Tangu 2022 kundi zima linaitwa Colt CZ Group, na makao yake makuu yako Prague, jiji lile lile ambako hataza za Koucký zilifungiwa kabatini.